Nisafishie

Asubuhi ile Kitinda alisifiwa mpaka akatamani ardhi ipasuke immeze.

Jina la Kitinda alipewa nyumbani kwa kuwa ndiye mtoto wa mwisho, na likamganda hadi ukubwani. Hata pale chuoni, aliposimama mbele ya walimu watatu kuombea nafasi ya shahada ya upigaji picha, lilimtoka hilo badala ya lile la kwenye vyeti. Walimu wakatabasamu. Akadhani aibu ya siku imeishia hapo, maskini, kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inavua viatu.

Kila mwombaji alitakiwa aje na picha zake, na moja kati ya hizo iwe aliyojipiga mwenyewe. Zile ndogo alikuwa amezichapisha kidogo kidogo, mara hapa mara pale. Ile kubwa, ya kujipiga, alimwachia mchumba wake, ambaye ana studio na mashine nzuri. Alimtumia jana yake mchana kwa simu, na ujumbe wa sauti juu yake: "Mpenzi, nisafishie hii. Kubwa, ya kesho." Asubuhi mchumba akampokeza mlangoni ikiwa imefungwa kwa karatasi ya kaki na gundi ya plastiki kila upande, maana mvua ilikuwa inatishia. Akambana mkono, akamwambia nenda kawaonyeshe. Kitinda akakimbia nayo bila kuifungua.

Sasa ile picha ilikuwa na habari yake. Kitinda alizaliwa na baka jeusi upande wa kushoto wa uso, kuanzia chini ya jicho mpaka kwenye taya. Tangu ajue kamera ni kitu gani, alikuwa akiipa shavu la kulia. Kwenye picha za familia alijua pa kusimama kabla hajaambiwa, na watu walishazoea kumwachia nafasi ile ya pembeni. Lakini wiki iliyopita alikaa karibu na dirisha la jikoni, akatega kamera juu ya makopo, akageuza shavu la kushoto kwenye mwanga wote. Akabonyeza. Alipoiangalia picha alilia, kisha akajisikia mwepesi kama mtu aliyetua ndoo.

Mkuu wa Idara, mama mnene mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, ndiye aliyekata ile gundi. Aliinua picha. Akamtazama Kitinda. Akarudi kwenye picha, kisha kwa Kitinda tena. Kitinda akadhani anatazama mwanga, akainua kidevu kwa fahari. Ndipo yule mama alipoigeuza picha upande wake.

Dirisha lilikuwa lake. Blauzi ilikuwa yake, hata uzi uliochomoka kwenye kola ulikuwepo. Ila mashavu yote mawili yalikuwa sawasawa, laini kama yai lililomenywa.

"Kazi hii ya kusafisha umefanya wewe?" aliuliza Mkuu wa Idara.

Hapo angeweza kusema hapana. Ukweli ulikuwa mdomoni. Lakini kusema hapana kulihitaji kusema ni nani, na kusema ni nani, mbele ya watu asiowajua, ilikuwa sawa na kutangaza kwamba mwanaume anayetaka kumwoa amemfuta uso.

"Ndiyo, mwalimu," akajibu.

Basi wakamsifu. Picha ikapita mkono kwa mkono. Wakasema wengi wakisafisha uso huuacha kama sahani, lakini huyu ameacha vinyweleo, ameacha hata kile kivuli cha dirisha kikashuka shavuni kama kinavyotakiwa. Mwalimu mdogo kuliko wote, kijana mpole, ndiye pekee aliyemwuliza kwa nini ameliondoa baka. Kitinda akasema hajui. Mkuu wa Idara akatikisa kichwa kwa huruma, na huruma ile Kitinda aliifahamu vizuri, ndiyo ile ya mashangazi kwenye sherehe za watu.

Kisha akamweleza mambo yalivyo. Shahada zao ni mbili. Moja wanafunzi huiita Matangazo, ya picha za studio na biashara, inasomwa hapohapo mjini. Nyingine huiita Maisha, ya kuwapiga watu walivyo, majumbani na makazini kwao, nayo inasomwa kwenye tawi la pili la chuo, safari ya basi ya kutwa nzima. Kitinda aliomba Maisha. Mkuu wa Idara alimshauri aachane nayo. Alisema mtu anayeanza kwa kujifuta mwenyewe, Maisha itamtesa, lakini kwa Matangazo mkono kama huu anauchukua leo hiihii, bila usaili mwingine. Aking'ang'ania Maisha, arudi wiki ijayo na picha nyingine, agombee na wenzake, na nafasi ni chache. Akampa namba yake ya simu na kumwambia ampigie kabla hajatoka ofisini jioni, aseme amechagua ipi.

Kitinda alitoka na picha yake kwapani, hakujua amefikaje barabarani.

Studio ya mchumba wake ilikuwa chumba kimoja chenye pazia la buluu, mwavuli wa taa, kiti cha kuzunguka, na kioo ambacho kitana chake kilifungwa kwa kamba ili wateja wasiondoke nacho. Alimkuta ameinamia kompyuta, anamwondoa chunusi binti mmoja aliyevaa joho la mahafali. Mkono wake kwenye kipanya ulikuwa unakwenda taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Mkono huo Kitinda aliupenda kabla hajampenda mwenyewe.

Mchumba alimwona, akaruka kitini. "Umepita?"

"Umepita wewe," Kitinda alimjibu. "Mimi nilikusindikiza."

Akaiweka picha mezani, juu ya karatasi za wateja, akaisukuma kwake. Mchumba akaitazama, akamtazama yeye, na uso wake haukuwa na hatia hata chembe. Ulikuwa uso wa mtu anayesubiri kuambiwa asante.

"Hii nini?" Kitinda aliuliza.

"Si uliniambia nikusafishie?"

Kisha Kitinda akakaa kwenye kile kiti cha wateja, polepole, kwa sababu alikuwa ameelewa.

Baba yake alikuwa mpiga picha wa enzi za mkanda. Nyumbani kwao, kusafisha picha ilikuwa ni kuingia na mkanda kwenye chumba cha giza, kuutia kwenye dawa, kuuosha, mpaka sura za watu zitokeze kwenye karatasi. Picha isiyosafishwa ilikuwa picha ambayo bado haijaonekana. Kitinda alikua akisikia wateja wakibisha hodi na kuuliza kama zimesafishwa, na neno hilo lilibaki naye hata baada ya mikanda kupotea. Mchumba wake alijifunzia kazi kwenye kompyuta. Kwake yeye kusafisha ni kuondoa: chunusi, mifuko ya macho, jasho, tumbo la bwana harusi. Wawili hawa walikuwa wamependana karibu miaka miwili, wanazungumza picha asubuhi na jioni, na hakuna aliyegundua kwamba neno hilo kila mmoja ana la kwake.

Alimweleza yote hayo kwa sauti ya chini. Mchumba alisikiliza, mkono mdomoni. Alipofika kwa wateja wa baba waliobisha hodi kuuliza kama picha zao zimesafishwa, mchumba alijikaza, akashindwa, akacheka. Kitinda naye, ambaye alikuwa amekuja kupigana, akajikuta anacheka mpaka machozi. Ukitaka kujua kama watu wanapendana, watazame wanapocheka kitu ambacho kingewagombanisha.

Mchumba akachuchumaa mbele ya kiti, akashika mikono yake yote miwili. "Nisamehe, Kitinda. Nilidhani ndivyo unavyotaka."

"Ningetaka hivyo ningejifunika."

"Najua. Sasa najua." Akaibusu mikono ile. "Wamesemaje lakini? Kuhusu kazi yenyewe?"

Kitinda akamwambia. Alimweleza kila sifa, kwa sababu alimpenda na hakuweza kumnyima. Akaona mabega ya mchumba yakipanuka kidogo kwa kila neno, na hapo ndipo akamwambia pia kwamba amedanganya, kwamba alisema mkono ule ni wake.

Kuna jingine hakumwambia. Pale chuoni, picha ilipogeuzwa, kabla hajaelewa anachokiona, alifikiri: mwanamke huyu ni mzuri. Aliwaza hivyo kwa muda mfupi sana, lakini aliwaza. Aibu hiyo ilikuwa kubwa kuliko ile ya kudanganya, na aliificha mahali ambapo asingeifikia mtu.

Mchumba alikuwa ameshaanza kupanga. Alizungumza akiwa palepale chini, macho yanamng'aa. Matangazo si mbaya. Matangazo iko hapahapa. Kitinda atasoma mchana, jioni atapitia studio, watafunga pamoja na kurudi pamoja. Huko kwenye Maisha ni basi la kutwa, wataonana likizo kwa likizo, na mapenzi ya likizo yanajulikana yanavyoishia. Kuhusu kusafisha asiwe na wasiwasi, atamfundisha yeye mwenyewe, mpaka masomo yaanze mkono utakuwa umeshakubali.

"Lakini wamenichukua kwa mkono wako," Kitinda alisema.

"Mkono wangu si wako? Nani atajua?"

Kitinda aliyatazama yale macho. Alijiona amechoka. Alijiona anataka kuwa karibu na mtu huyu, anataka kitana cha kamba na pazia la buluu na kufunga mlango pamoja jioni, na kwamba kwa kutaka hivyo alikuwa tayari kumeza uongo mmoja zaidi. Kaka zake nao wangetulia. Walikuwa wamekwisha sema mengi kuhusu binti wa kusafiri kutwa nzima kwenda kusomea kubonyeza kamera. Akatoa simu kwenye mkoba.

"Piga sasa kabla hajatoka," mchumba alimhimiza. "Mama anakuja Jumapili. Akisikia unabaki hapahapa atafurahi huyo."

Mama yake mchumba aliishi mbali, kwa binti yake mkubwa, na Kitinda hakuwahi kumtia machoni. Walizungumza kwa simu mara nyingi, wakapendana kwa sauti. Ila kila Kitinda alipotaka waonane kwenye simu, mchumba alisema mtandao wa kule ni mbovu, na Kitinda alikubali, maana mitandao ni mibovu kweli.

Alikuwa anaitafuta namba ya Mkuu wa Idara pale pazia liliposogezwa. Mwanamke mfupi, mtandio begani, begi la safari mkononi, aliingia akihema na kucheka kwa wakati mmoja. Alisema amechoka kungoja Jumapili, gari lilipatikana, akapanda, na dereva wa teksi amemzungusha mji mzima kutafuta studio ya mwanawe. Mchumba alisimama. Badala ya kwenda kumpokea mama yake begi, alisogea katikati, baina ya mama na kiti, kama mtu anayeziba mlango.

Mama akampita, akampapasa shavu, akamwona Kitinda.

"Shikamoo, mama," Kitinda alisema, ameshainuka.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?" Akaishika mikono yake, akauinamia uso ule na kuutazama kwa mapenzi, mwanga wa mwavuli ukiwa umemulika upande wa kushoto wote. "Mmefanana mno. Wewe ndiye dada yake mkubwa?"

"Dada yake nani, mama?"

"Dada yake mkwe wangu. Macho ni yaleyale, pua ileile." Alikuwa ameshatoa simu kifuani, anaiwasha. "Huyu hapa. Kila nikiamka naanza naye."

Kwenye kioo cha simu alikuwepo Kitinda anacheka, kichwa kimerudi nyuma. Aliikumbuka siku ile. Ilikuwa sherehe ya rafiki yao, mchumba alimshtukiza, hakupata nafasi ya kugeuka, na aliomba ile picha ifutwe. Mchumba alimwambia ameifuta. Kumbe hakuifuta, alikuwa amemfuta yeye. Mashavu yalikuwa mawili, yote laini, na siku ile hakuna aliyetamka neno la kusafisha.

Kitinda alimtazama mchumba wake. Hakumtazama kwa hasira. Alimngoja. Ilitosha mtu aseme, mama, huyu ndiye. Alimpa muda wa kulisema hilo, na zaidi ya muda huo, huku mama wa watu akiwaangalia mmoja baada ya mwingine na tabasamu lake likianza kupungua.

"Mama, kaa kwanza," mchumba alisema. "Umetoka safari."

Kitinda akageuka kwa yule mama.

"Mkwe wako ni mimi, mama. Huyo wa kwenye simu hayupo."

Mama aliitazama simu. Alimtazama Kitinda, safari hii shavu la kushoto peke yake, kisha akaelewa, na uso wake ukaporomoka. Alikaa kwenye kiti cha wateja bila kuambiwa tena, akailaza simu mapajani, kioo kikitazama chini. Kwa muda alihangaika na mtandio wake, anaukunja anaukunjua.

"Nisamehe, mwanangu. Macho yangu haya."

"Macho yako hayana kosa, mama."

"Kwa nini?" Hilo alimwuliza mwanawe.

Mchumba alijibu akiwa anaangalia kipanya. Alisema alikuwa anamwogopa yeye, mama. Akamkumbusha alivyomsema mke wa kaka kwa ajili ya meno yake, siku ya kwanza kabisa, mbele ya watu, mpaka mtoto wa watu akalia. Alisema alitaka kwanza mama ampende Kitinda kwa sauti na tabia, hayo mengine yaje baadaye, taratibu. Alilisema vizuri. Kitinda aliyekuwa akisikiliza alijikuta karibu amwonee huruma.

Mama alitikisa kichwa akikubali. "Nilisema. Mdomo huo ninao, sikatai. Na mke wa kaka yako alinijibu palepale, nikanywea, na leo hakuna ninayeelewana naye kama yeye. Lakini kaka yako alimleta na meno yake. Hakumng'oa kwanza ndipo amlete."

Mchumba alikisogeza kipanya pembeni.

"Mimi nisamehe, lakini usinifanye sababu," mama aliendelea. "Umenitia aibu mbele ya mkwe wangu. Nimemwita mwenzangu dada wa kivuli."

Kitinda alitaka kumshika bega yule mama, kumwambia yameisha. Lakini kulikuwa na swali moja lililobaki, na aliogopa asipoliuliza sasa hatoliuliza tena maishani.

"Na nyingine je?" alimwuliza mchumba wake. "Picha zangu nyingine."

"Zipi?"

"Zote ulizonipiga."

"Zile watu wanazoziona, ndiyo. Zote."

"Na zile zisizoonwa na mtu? Zile zako, unazobaki nazo peke yako?"

Nje mtu alibisha, akauliza kama picha za pasipoti zinatoka papo kwa papo, na hakuna aliyemjibu, akaondoka.

"Hizo pia," mchumba alisema.

Hapo hapakuwa na mama tena wa kuogopwa, wala neno la kusafisha la kubebeshwa kosa. Mchumba naye alilijua hilo, kwa sababu alikaa chini, sakafuni, mgongo kwenye meza, na kuanza kuzungumza kama mtu anayetapika. Alisema mkono unakwenda wenyewe. Akifungua picha yake, kabla hajafikiri, ameshafika kwenye shavu, na akimaliza ndipo anaona kazi imeisha. Alisema haoni baka wakiwa pamoja, anaapa, wakiwa pamoja anamwona yeye tu. Ni kwenye picha.

"Niliona haya," alisema mwishowe. "Sijui kwa nani. Niliona haya tu." Halafu, taratibu zaidi: "Na wewe mwenyewe ulikuwa unageuka, Kitinda. Siku zote ulikuwa unageuka. Nilijua nakusaidia."

Neno hilo lilimpata Kitinda mahali penyewe, kwa kuwa lilikuwa kweli. Alikuwa amegeuka miaka yote. Alimfundisha kila aliyemshikia kamera upande gani wa kumpenda, na huyu alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko wote. Machozi yalimjia na hakuyafuta.

"Ni kweli nilikuwa nageuka," alisema. "Ile ya dirishani ndiyo siku niliyoacha. Na mtu wa kwanza kumwonyesha ulikuwa wewe."

Mchumba alifunika uso kwa mikono. Mama yake alikuwa analia bila sauti, mtandio mdomoni. Kitinda alitamani kukaa alie nao. Alimpenda mtu huyu aliyekaa sakafuni, hakujidanganya kwamba hampendi, na laiti mapenzi ndiyo yangekuwa swali, jibu lingekuwa rahisi. Lakini aliwaza nyumba watakayoishi, picha ukutani, watoto wakiuliza mama alikuwa nani kabla ya kuwa huyu. Aliwaza kila atakapomkuta ameinamia kompyuta atasimama mlangoni kwanza, achungulie ni uso wa nani. Aibu ya kuishi hivyo asingeiweza. Aliinua simu, namba ilikuwa bado ipo kwenye kioo, akabonyeza.

Mkuu wa Idara alipokea upesi, sauti yake kubwa ikasikika chumba kizima. Alimwambia nilikuwa nakungoja, karibu nifunge.

"Mwalimu, ni Kitinda wa asubuhi. Ile kazi ya kusafisha si yangu. Nilidanganya."

Upande wa pili ukasikika mlio wa kiti kikivutwa. Mkuu wa Idara akasema kama ni hivyo, kwenye Matangazo hana cha kumpa. Kitinda akasema anajua. Akasema anachagua Maisha, atakuja wiki ijayo na wenzake, na picha ya kujipiga ataileta ileile ya dirishani, kama ilivyotoka kwenye kamera.

"Hata ukija, sikuahidi kitu," Mkuu wa Idara alimwonya.

"Sijaomba ahadi, mwalimu."

"Haya." Ikasikika kalamu ikiandika. "Umenidanganya usoni, binti, na hilo nitalikumbuka. Lakini umepiga simu mwenyewe, na hilo nalo nitalikumbuka. Sasa niambie, mkono ule ni wa nani? Maana ni mkono mzuri."

Mchumba alikuwa ameyasikia. Aliondoa viganja usoni akainua kichwa, macho mekundu, na pamoja na aibu yote iliyokuwa imemkalia alikuwa anasubiri kusikia ataitwa nani. Mama yake naye aliinua uso, amemkazia Kitinda macho ya kuomba, anatikisa kichwa kidogo, kama anamkumbusha neno analolijua.

Kitinda alilijua: mchumba wangu. Alikuwa amelisema kwa watu wengi na kila mara lilimjaa mdomoni kwa utamu.

"Ni wa fundi mmoja tu, mwalimu," alisema. "Nilimpa kazi, hatukuelewana."